Habari, Uvumi na Wasiwasi katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Neno wasiwasi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono: sauti ndogo inayosemwa sikioni, ambayo aliyeisikia hana hakika kama ameisikia kweli au ameiwaza. Wenye elimu ya dini hulitumia kwa minong'ono ya shetani. Wasemaji wa kila siku wamelifanya jina la moyo usiotulia. Safari hii ya maana, kutoka sauti mpaka hali ya moyo, si ya bahati tu. Waliolitumia neno hili walijua jambo ambalo waganga wa maradhi ya akili hulieleza siku hizi kwa maneno marefu zaidi, yaani kwamba moyo wa mtu huchafuka si kwa yale ayaonayo tu, bali kwa yale ayasikiayo, na hasa kwa yale ayasikiayo nusu.

Siku hizi lawama ya wasiwasi wa vijana hutupwa juu ya simu. Katika miji ya Kahama na Shinyanga, na katika machimbo ya dhahabu yaliyoizunguka Geita, lawama hii husikika msikitini, kanisani na katika vikao vya wazazi. Yamkini ina haki kwa kiasi fulani. Lakini atakayeitazama nchi hii kwa jicho la historia ataona kwamba hofu iendayo kwa njia ya habari ilikuwapo zamani sana kabla ya simu, na kwamba imewahi kuua watu wengi. Swali, basi, si kama simu ilileta wasiwasi mahali palipokuwa na utulivu. Utulivu huo haukuwapo. Swali ni nini kilichobadilika katika mwendo wa habari yenyewe.

Nchi inayosemwa hapa ni upande wa magharibi wa Usukuma pamoja na majirani zake. Mipaka ya serikali imehamahama juu yake: mkoa wa Geita haukuwapo mpaka mwaka 2012, ulipokatwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na hivyo Bukombe na Mbogwe zilizokuwa za Shinyanga zikawa za Geita. Watu hawakuhama. Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza na wageni wa kila kabila waliofuata dhahabu waliendelea kupokea habari kwa njia zile zile.

Njia ya kwanza na ya haraka kuliko zote ilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Aliyeibiwa ng'ombe au kuvamiwa usiku alipiga yowe, jirani akalipokea, na jirani wa jirani akalipeleka mbele, hata nchi nzima ya tambarare ikawa macho. Yowe lilikuwa na sheria. Kila mwanamume aliyelisikia alipaswa kutoka na silaha yake na kukimbilia lilikotoka. Asiyetoka alikuwa na deni la kujieleza. Sungusungu walipoanza katika upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bunduki zilipoenea baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na wizi wa ng'ombe ukawa vita vidogo, hawakubuni chombo kipya cha habari. Walichukua yowe la wazee na kulipangia watu.

Ifaa kulitazama yowe hili kwa makini kidogo. Lilikuwa habari ya kutisha, tena ya usiku, tena isiyo na maelezo. Kwa kipimo cha leo lingehesabiwa kuwa chanzo kikubwa cha wasiwasi. Walakini lilimpa msikiaji kazi ya kufanya. Miguu yake ilitangulia mbele ya mawazo yake. Aliyetoka kulifuata alifika mahali, akamkuta aliyelipiga, akajua kama mwizi ameonekana au la, na alfajiri akarudi kwake akiwa amechoka na mwenye hakika.

Njia ya pili ilikuwa ngoma, na hapa jambo ni tajiri zaidi. Usukuma una vyama viwili vya ngoma vishindanavyo, Bagalu na Bagika, ambavyo asili yake hutajwa kwa waganga wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, vyama hivi hukabiliana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Aliyeachwa peke yake na wachezaji wake ameshindwa, na kila jicho limeona. Kwa hiyo ilibidi kubuni mambo ya kuwavuta watu: nyimbo za kumdhihaki mshindani, nyoka mikononi, fisi, michezo ya mwili isiyoaminika. Juu ya hayo yote kulikuwa na dawa ya mvuto iitwayo samba, ambayo kiongozi wa ngoma aliitafuta kwa gharama kubwa ili macho ya watu yasimwache.

Msomaji wa leo hana haja ya kuambiwa mambo haya yanafanana na nini. Kupimwa kwa wingi wa watazamaji, kuaibishwa hadharani kwa wimbo, kuishi kwa hofu kwamba dawa ya mwenzako ina nguvu kuliko yako: haya yote yalikuwa Usukuma wakati baba zao waliounda Facebook hawajazaliwa. Wala si kweli kwamba yaliwapita watu bila kuwaumiza. Mtunzi aliyeshindwa mbele ya nchi nzima alikula uchungu wake mwaka mzima. Lakini neno mwaka lina uzito hapa. Mashindano yalikuwa na msimu. Mvua za kwanza zilipoanguka, ngoma ziliwekwa juu na jembe likashikwa, na mshindi na mshindwa wakainama sawasawa katika mashamba ya pamba na mtama. Aibu ilipewa miezi ya kupoa.

Hata adhabu ilikuwa na mwisho wake. Sungusungu walipomtenga mtu, hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyempa moto wala maji, na mke wake hakusaidiwa kusaga. Ni adhabu ya kutisha katika nchi ambayo mtu hawezi kuzika peke yake. Hata hivyo mlango wa kurudi uliachwa wazi: alipe faini, aghalabu ng'ombe au chakula cha kuliwa na wote, na baada ya kula jambo lile halikupaswa kutajwa tena.

Itakuwa uongo kuyaeleza haya kana kwamba zamani ilikuwa bustani. Nchi hii hii iliwaua vikongwe wake. Mtoto alikufa ghafula, au ng'ombe walikufa, na mnong'ono ukaanza. Mnong'ono ukapelekwa kwa mpiga ramli. Naye akatoa jibu ambalo mara nyingi lilikuwa limekwisha kuwa midomoni mwa jirani. Bibi mwenye macho mekundu, yaliyowekundika kwa moshi wa samadi inayochomwa kwa kupika katika nchi isiyo na kuni, akaitwa mchawi kwa macho hayo. Simeon Mesaki, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika tasnifu yake juu ya mauaji haya mwaka 1993, alionyesha kwamba mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilibeba sehemu kubwa kuliko mingine yote. Waliokufa katika miaka ya 1970 na 1980 walihesabiwa kwa maelfu. Hapakuwa na simu. Palikuwa na sikio na mdomo tu, na vilitosha.

Basi mnong'ono wa jirani na yowe la usiku vilikuwa habari za namna mbili mbalimbali. Yowe lilisemwa kwa sauti na mtu aliyejulikana, na likathibitishwa kwa miguu. Mnong'ono haukuwa na mwenyewe. Aliyenong'onewa hakuweza kwenda mahali kuuhakikisha, wala aliyesemwa hakupewa nafasi ya kujibu, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuusikia. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa mambo yaliyofuata.

Migodi iliongeza kitu kingine, nacho ni ugeni. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na Mwadui ulizaliwa baada ya John Williamson kugundua almasi yake mwaka 1940. Walioajiriwa waliishi kambini na watu wasiowajua baba zao. Habari za nyumbani ziliwafikia kwa barua, kwa abiria wa basi, na tangu mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza, kwa redio. Redio ilisikilizwa na kundi. Tangazo la kifo lilipotajwa, mwenye msiba alikuwa katikati ya watu waliomwona uso ukibadilika, na mmoja wao akamshika mkono. Hili ni jambo dogo ambalo wanahistoria wa utangazaji hulipita haraka, nalo halistahili kupitwa.

Kisha ikaja dhahabu ya wachimbaji wadogo. Katika miaka ya 1990 maelfu walikimbilia Nyarugusu, Bulyanhulu na machimbo mengine, kila mahali uvumi uliposema kuna mwamba unaong'aa. Mchimbaji wa duara hufanya kazi isiyo na kipimo cha haki: huyu huchimba miezi sita bila kitu, na yule wa duara la pili hupata katika wiki moja mali ya kujengea nyumba. Akili ya mtu hutaka sababu. Kama si juhudi, basi ni dawa. Hofu na tamaa hizi ndizo zilizolisha uvumi mbaya kuliko wote, wa kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta dhahabu na samaki. Tangu mwaka 2007 mauaji yao yalienea katika Kanda ya Ziwa; mnamo Januari 2009 serikali ilizuia kazi za waganga wa jadi; na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa Bukombe. Watoto wengine walipelekwa shule ya Buhangija mjini Shinyanga ili walindwe, wakakua mbali na mama zao. Kwa watoto hao hofu haikuwa maradhi ya akili. Ilikuwa akili timamu.

Katika miaka hiyo hiyo simu ya mkononi ilikuwa inageuka kutoka chombo cha tajiri kuwa chombo cha kila mtu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mchimbaji aliyekuwa akifunga noti katika kitambaa akaanza kutuma fedha kijijini akiwa mlangoni mwa duara. Haifai kulisahau jambo hili katika hesabu. Mke aliyekuwa akikaa miezi minne bila kujua kama mumewe yu hai alipata sauti yake kila jioni, na wasiwasi uliotulizwa hivyo hauandikwi katika takwimu yoyote.

Ajali mbili zaonyesha habari ilikuwa na thamani gani. Oktoba 2015, huko Nyangalata katika wilaya ya Kahama, duara liliwafunika wachimbaji, na baada ya siku kadhaa walihesabiwa kuwa wamekufa. Siku ya 41 watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, vyura, mende na maji ya matope. Siku 41 hizo jamaa zao walikuwa wameomboleza bila mwili wa kuzika, na hakuna ujumbe wa mtandao wowote ulioweza kuwasaidia, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua. Mwaka 2017 mwezi wa Januari, wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi wa Nyarugusu, Geita. Safari hii lilipatikana bomba. Kwa bomba hilo waliandika karatasi na kuipeleka juu kuwaeleza walio nje kwamba wote ni wazima na wanahitaji chakula, na baada ya siku tatu wakaokolewa. Karatasi ile ilikuwa habari kamili: aliyeiandika alijulikana, mahali ilipotoka palijulikana, na aliyeipokea alijua la kufanya.

Simu zenye intaneti zilipoenea, mnong'ono ulipata mwendo wa yowe. Hili ndilo badiliko kubwa, na wengi wanaoilaumu simu hawalitaji. Yowe la zamani lilikwenda mbali lakini lilikuwa na mwenyewe. Mnong'ono haukuwa na mwenyewe lakini ulikwenda taratibu, ukafa ukivuka mto. Ujumbe unaosambazwa katika makundi ya WhatsApp unakwenda mbali kama yowe na hauna mwenyewe kama mnong'ono. Tena humfikia mtu akiwa peke yake, kitandani, saa ambayo hakuna jirani wa kumwuliza wala mahali pa kukimbilia.

Machi 2021 jambo hili lilionekana wazi kuliko wakati wowote. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Kwa siku 18 nchi iliishi kwa vipande vya habari vilivyopita simuni: mgonjwa, si mgonjwa, yuko Nairobi, yuko kazini. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu alisema Rais yu mzima. Watu kadhaa walikamatwa kwa waliyoyaandika mtandaoni. Na usiku wa tarehe 17 Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kifo. Huko Chato, alikozikwa tarehe 26, msiba huo ulikuwa wa taifa na wa nyumbani pia. Lawama ya siku zile iliwaangukia wenye simu peke yao, na ni vigumu kuikubali yote. Uvumi haukui mahali palipojaa habari. Kadhalika intaneti ilipokatwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, hata ilipoanza kurudi tarehe 3 Novemba, waliokuwa na watoto katika miji mingine hawakupata utulivu kwa sababu ya kutosumbuliwa na mtandao. Ukimya nao hunong'ona.

Ama aibu, nayo imepoteza mlango wake wa kurudi. Mfano mbaya ni mikopo ya simu. Mkopaji hupewa fedha kidogo kwa riba kubwa, na programu ya mkopeshaji huyachukua majina yote yaliyo katika simu yake. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha hupelekwa kwa mkwe, kwa mwalimu wa mtoto na kwa mwajiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ukilinganisha na kutengwa kwa sungusungu, adhabu hii mpya ni nyepesi kwa siku moja na nzito kwa maisha: hakuna kikao cha kuombea radhi, hakuna ng'ombe wa kuchinjwa, na ujumbe ule utabaki katika simu za watu hata deni likiisha.

Wataalamu wa nchi za mbali wamebishana sana juu ya madhara ya mitandao. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo, na ndani yake mlikuwa na uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya wasichana walioichukia miili yao waliichukia zaidi kwa sababu ya Instagram. Jonathan Haidt alitoa kitabu mwaka 2024 akiishtaki simu kwa wasiwasi wa kizazi kizima. Kabla yake, mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski walikuwa wamepima takwimu za vijana wengi wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi yalieleza chini ya nusu ya sehemu moja katika mia ya tofauti za ustawi wao. Serikali ya Australia haikungoja mabishano yaishe. Tangu tarehe 10 Desemba 2025 imezuia akaunti za walio chini ya miaka 16.

Mabishano hayo aghalabu huhesabu saa: kijana ametazama simu kwa saa ngapi? Historia ya Shinyanga na Geita yaelekea kuuliza jambo jingine. Kijana wa Katoro au Masumbwe ambaye hutazama picha za mwenzake aliyepata dhahabu, na gari lake, na nyumba yake, hupata maumivu yale yale aliyoyapata mchimbaji wa miaka ya 1990 alipoona duara la jirani limetoa. Ila yule wa zamani alimwona pia jirani akila ugali mkavu mwaka uliofuata. Picha ya simuni haizeeki, wala haionyeshi mwaka uliofuata. Msimu umeondolewa, mashindano ya Bagalu na Bagika yanachezwa sasa kila usiku, bila mvua ya kuyakatisha.

Watu walioelemewa hawana mahali pengi pa kwenda. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza hutibu maradhi ya akili, lakini kutoka Bukombe ni safari ndefu, na maneno ya ugonjwa wenyewe bado ni mapya: sonona imeingia juzi tu katika vinywa vya watu, na mwenye kuugua husema zaidi kwamba moyo unamwenda mbio, au kichwa kina moto, au amechezewa. Akisema amechezewa, mganga yuko karibu kuliko daktari, na mganga atamtafutia mtu wa kumlaumu.

Kila mwaka mwezi wa Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, vyama vya ngoma hukutana bado. Fisi na nyoka huletwa, nyimbo za kejeli huimbwa, na watu hukimbia kutoka upande huu wa uwanja hadi ule wakimtafuta aliye bora. Wengi wao hukimbia wakiwa wameinua simu. Jioni ngoma hunyamaza na vumbi hutua, na wachezaji walioshindwa hupanda magari kurudi kwao. Njiani, kabla hawajafika, kushindwa kwao kumekwisha kuonekana Kahama.